Boti Niliyoichunga Kutoka Tunduma

Miezi michache baada ya mume wangu kupata kiharusi, ndugu zake walikuja nyumbani kwetu Tunduma siku ya Jumapili, wametoka ibadani, wamevaa vizuri. Walikunywa chai, wakamjulia hali mgonjwa, wakamwombea. Kisha shemeji yangu mkubwa akaweka kikombe chini na kusema kwamba ukoo umekaa kikao kijijini Igamba na umeona boti iwe mikononi mwake.

"Mke wetu, wewe una duka. Una mgonjwa," alisema. "Boti iko ziwani, wewe uko huku mpakani. Utaiona kwa macho gani?"

"Kwa haya haya," nilimjibu.

Nilijibu kwa hasira tu. Sikuwa na mpango wowote. Ila boti ile niliijua ilikotoka. Ilikuwa ya mbao, yenye injini ya dizeli, na ilivusha watu na mpunga katika Ziwa Rukwa, kutoka upande wetu wa Kamsamba kwenda ng'ambo. Mbao zake, injini yake na misumari yake vilitoka kwenye pesa ya duka langu la vipuri vya malori. Mume wangu alikuwa na akili ya ziwa, mimi nilikuwa na duka, na tuliijenga wawili. Sasa yeye alikuwa amelala mkono wa kulia hauinuki, maneno yanatoka nusu, na watu walikuwa wanazungumzia boti mbele yake kana kwamba ameshazikwa.

Kutoka Tunduma kwenda ziwani si mbali kwenye ramani. Unafika Mlowo kwa lami, kisha unaiacha barabara kuu na kuteremka bondeni kwa vumbi. Mvua ikinyesha, safari ni ya siku nzima, na siku nyingine hufiki. Mume wangu alikuwa akienda kila wiki. Akifika, kabla hajamsalimia mtu, alikuwa anapanda botini, anafunua mbao ya sakafu na kuangalia maji yaliyoingia chini. Watu wanaogopa mawimbi, alikuwa akiniambia, lakini yeye anaogopa maji ya chini, yale yanayoingia polepole wakati watu wanapiga soga.

Mimi nisingeweza kwenda kila wiki. Hilo shemeji alikuwa amelisema kweli, na liliniuma kwa sababu lilikuwa kweli.

Jibu lilikuwa limekaa pale Mpemba, mji mdogo jirani na Tunduma, kwenye ofisi ya tajiri mmoja wa malori niliyekuwa nikimuuzia vipuri. Alikuwa mtu wa pwani, kanzu na kofia muda wote. Siku moja nilipeleka bolti zake nikamkuta anaitazama kompyuta huku anaongea na simu kwa upole kabisa. "Mbona umesimama hapo tangu asubuhi? Hapo hapana foleni. Hapo pana mama anauza chakula. Kula, kisha ondoka." Dereva aliyekuwa akiongea naye alikuwa Kongo.

Niliisahau hata pesa ya bolti. Nilimuuliza nani aliyemfungia kitu hicho, akanielekeza kwa fundi mmoja, kijana wa Tanga aliyekuwa amefungua kibanda karibu na maegesho ya malori.

"Boti?" fundi alisema. "Mama, boti haina barabara."

"Na lori lina nini ambacho boti haina? Lina injini, lina mafuta, lina dereva anayeweza kusema uongo."

Akacheka. Akaniuliza nataka kujua nini. Nikamwambia nataka kujua iko wapi, injini ina joto kiasi gani, mafuta yamebaki kiasi gani, na ndani kumeingia maji kiasi gani. Hayo matatu ya kwanza, alisema, anayafanya kila siku. La mwisho hajawahi kuliona kwenye lori. Alikaa siku kadhaa akihangaika nalo, akatengeneza kiboya kinachopanda maji yakipanda na kutoa taarifa kwenye kifaa kinachotuma habari kwa mtandao. Vitu hivyo vyote vya kupimia mafundi huviita sensa. Mama mkwe wangu aliposikia nimefunga sensa kwenye boti, aliuliza kama tutahesabu watu au samaki.

Tulikwenda ziwani na fundi kwenye gari la mizigo. Nahodha wetu alitupokea mwaloni, yaani pale boti zinapotia nanga na kupakia. Alikuwa mtu wa makamo, amefanya kazi na mume wangu tangu boti inateremshwa majini mara ya kwanza. Alisimama akitazama fundi akipitisha nyaya chini ya sakafu. Mwishowe akaniambia kwa sauti ya chini, "Mama, kwa hiyo siaminiki?"

"Mzee alipokuwa anafunua sakafu kila wiki, ulisema huaminiki?"

"Yule alikuwa mwenye boti."

"Na mimi nani?"

 Aliingia botini na kumwonyesha fundi mahali ambapo maji hukusanyika kwanza. Palikuwa chini ya injini, si pale fundi alipokuwa ameweka kiboya.

Siku ya kwanza boti ilipoondoka na vyombo vile, nilikuwa dukani na kompyuta niliyonunua imetumika, na modemu imechomekwa ubavuni. Kwenye ukurasa alionifungulia fundi, boti ilikuwa alama ndogo ya kijani. Ilitoka mwaloni, ikaenda kidogo, ikasimama. Nikadhani imezama. Kumbe ilikuwa imefika mahali pasipo na mtandao. Fundi alikuwa ameniambia: katikati ya ziwa kifaa hakiwezi kutuma kitu, kinahifadhi, na kikikaribia ng'ambo kinatuma vyote kwa pamoja. Aliniambia, lakini kuambiwa na kukaa mbele ya alama isiyotembea ni mambo tofauti. Niliuza breki na mikanda siku ile bila kujua nimemuuzia nani. Dereva mmoja wa Zambia aliniuliza, akiniita mama kwa Kibemba, "Bamayo, mnaumwa?" Kisha alama ikaruka, mstari wote wa safari ukajichora, na boti ikawa imefika.

Nilimpelekea mume wangu kompyuta chumbani. Aligeuza uso ukutani. Alikuwa ameumia, kama nahodha alivyoumia. Nilimwacha. Baada ya siku chache nilimkuta ameivuta meza kwa mkono wa kushoto na anaangalia.

Igamba, shemeji alikuwa akisema kwamba ninatunga. Kwamba nimeweka picha kwenye kompyuta ili niwalaghai wazee. Maneno yalinifikia, kama maneno yote ya ukoo yanavyofika. Basi nikamuuliza fundi kama mtu mwingine anaweza kuona ninachokiona.

"Ukimpa neno la siri, anaona. Ila usimpe mtu, mama. Matajiri wa malori hawampi hata mke. Hizi ni siri za biashara."

"Boti ikiingia maji na watu wako ndani, hiyo ni siri ya nani?"

Nilimpa shemeji neno la siri. Nilimpa mama mmoja wa Mlowo aliyekuwa akinunua mpunga na kuusafirisha kwa boti yetu. Nahodha wetu alikuwa na mke wake Mlowo pia, mwenye simu ya kitochi tu, isiyo na mtandao. Fundi alipanga kifaa kiwe kinamtumia ujumbe mfupi boti ikiondoka, ikifika, na maji yakipita kiasi. Mtu yeyote aliyekuwa na ndugu botini na akaniuliza, nilimwambia aje dukani atazame. Walikuja. Wengine walisimama mbele ya kompyuta na mkoba begani mpaka alama ifike ng'ambo, ndipo wakaendelea na safari zao.

Ukaja msimu wa mavuno ya mpunga, wakati ambao kila boti inatafutwa. Mnunuzi mmoja mkubwa aliikodi ya kwetu ivushe magunia yake, na shemeji akateremka ziwani mwenyewe, anasema anakwenda kusaidia. Sikumtuma. Asubuhi ile nilikuwa nafungua maboksi dukani nikasikia kompyuta ikilia. Mlio ule nilikuwa sijausikia tangu siku fundi alipokijaribu kiboya kwenye ndoo.

Maji yalikuwa yanapanda. Na boti ilikuwa bado mwaloni.

Nilimpigia nahodha. Simu ilipokewa na shemeji.

"Shemeji, boti inaingiza maji," nilimwambia.

"Hiyo sensa yako imelowa tu."

"Kazi yake ni kulowa. Mmepakia nini?"

"Mpunga. Na kuna watu wa harusi, wanawahi ng'ambo. Wameshakaa."

"Magunia ya kawaida au lumbesa?"

Akaniambia mzigo ni mzigo. Lumbesa ni gunia lililojazwa mpaka likafungwa na mlima juu yake, na uzito wake anaujua mbebaji peke yake. Nikamwambia awashushe watu, ashushe na mzigo.

"Nani awashushe? Wewe uliyeko Tunduma?" Akakata simu.

Nilipiga tena, haikupokewa. Nikajua kwamba nahodha amenyang'anywa simu, au ameitoa mwenyewe ili asiulizwe.

Fundi alikuwa amefunga kitu kimoja ambacho sijakitaja. Malori huwa nacho, kwa ajili ya wezi: mwenye gari anabonyeza akiwa mbali, mafuta yanafungwa yasifike kwenye injini. Alipokifunga kwenye boti nilimwambia sitakigusa kamwe. Lori likizimika linasimama barabarani. Boti ikizimika katikati ya Rukwa, upepo unaichukua unakotaka, na watu wamo.

Lakini ilikuwa bado haijaondoka. Au ndivyo alama ilivyosema, na alama niliijua kwamba huchelewa. Kama walikuwa wameshatoka na mtandao umeshakatika, kidole changu kingewaua wale niliotaka kuwaokoa. Nikaangalia joto la injini. Lilikuwa baridi ya asubuhi, ya injini ambayo haijawashwa tangu jana, na taarifa ilikuwa ya dakika ileile. Bila injini wasingeenda popote. Nikabonyeza.

Simu zilianza mara moja. Wa kwanza alikuwa mnunuzi wa mpunga.

"Wewe mwanamke unajua mimi ni nani?"

"Najua. Wewe ni mtu ambaye magunia yake yako kwenye boti yangu. Yashushe."

"Nitahakikisha hamvushi hata kuku ziwa hili."

"Sawa. Lakini leo yashushe."

Akafuata shemeji, akanitukana kwa Kinyiha, matusi ambayo sikuwahi kumsikia akiyatumia hata kwa mbwa. Nilimsikiliza mpaka akaishiwa pumzi. Nikamwambia injini haitawaka mpaka watu na mzigo viwe mchangani, na kwamba nakuja.

Nilifunga duka, nikamwomba jirani akae na mgonjwa, nikapanda gari mpaka Mlowo na kutoka hapo nikakodi lingine la kuteremka. Njiani walinipigia kunipa habari. Boti ya mtu mwingine ilikuwa imewachukua watu wa harusi, ikarudi ikachukua na magunia kwa awamu, na ziwa lilikuwa shwari kama maji ya beseni. Wote wamefika salama. Aliyenipigia alikuwa anacheka. Alisema harusini wameshanitungia wimbo, mama wa Tunduma anayeogopa maji akiwa dukani.

Sitasema haikuniuma. Nilikaa kwenye lile gari vumbi linanijaa mdomoni na nikajiuliza kama shemeji alisema kweli, kama kweli nilikuwa mwanamke mwenye kompyuta tu.

Boti ilikuwa imevutwa mchangani. Nahodha alikuwa amekaa kivulini mwake, na fundi seremala wa mwaloni alikuwa anapita ubavuni akigonga mbao. Alinionyesha. Mbao za chini zilikuwa nzima. Tatizo lilikuwa mbao za juu, ambazo miaka yote hukaa nje ya maji. Jua la kiangazi lilikuwa limezikausha, pamba iliyoziba nafasi kati yake imedondoka. Boti ikipakiwa kwa kiasi, huwezi kujua. Ikielemewa, mbao zile zinazama na maji yanaingia kila mahali. Alichomeka kisu kati ya mbao mbili, kikaingia mpaka kwenye mpini.

Shemeji alikuwa amesimama hapo. Aliona.

"Ingefika," alisema.

"Labda ingefika," nilimjibu. "Sikutaka kujua."

Nahodha alisubiri shemeji aondoke, ndipo akaniambia. "Nilitaka kukataa, mama. Aliniambia yeye ndiye mwenye boti sasa, nikikataa nishuke na mimi."

"Na wewe ulimwamini?"

"Ukoo ndio uliosema."

Kikao cha Igamba kiliitwa kabla mbao hazijamaliza kuzibwa. Safari hii nilitakiwa niende mimi. Mume wangu alisikia, akanionyesha kwa mkono wa kushoto kwamba na yeye anakwenda, na nilipomkatalia kwa ajili ya afya yake akaanza kujivalisha shati mwenyewe. Tulimpandisha kwenye gari.

Mashtaka yalikuwa kwamba nimemwaibisha shemeji mbele ya watu, nimempoteza mteja mkubwa, na nimefanya boti ya familia ichekwe harusini. Uamuzi walikuwa nao tayari: vyombo vitolewe, boti ikabidhiwe. Walisema kwa zamu, kwa adabu, na kila aliyemaliza aliniangalia kama anayesubiri nilie.

Kabla sijasema kitu, mke wa nahodha akaingia. Hakuna aliyemwalika. Alikuwa ametoka Mlowo kwa pikipiki na kanga yake imejaa vumbi. Akasalimia wazee, akapiga magoti, akasema ana neno moja.

"Zamani mume wangu akiondoka, nilikuwa najua amefika siku anayorudi. Sasa simu inalia, najua amefika. Siku ile iliniambia maji yamezidi, nikapiga simu yake, ikapokewa na huyu," alimwonyesha shemeji kwa kidevu, "akaniambia niache umbea. Mkikitoa kile kitu, tafuteni nahodha mwingine. Wangu hapandi."

Mzee mmoja akamwambia hilo ni jambo la ukoo, si lake.

"Anayezama ni wangu, baba," alisema, na akabaki amepiga magoti palepale.

Ndipo mume wangu akasema. Ilimchukua muda, na hakuna aliyethubutu kumsaidia maneno. "Boti," alisema. "Ni yake. Mwacheni."

Shemeji akatikisa kichwa kwa huruma, akawaambia wazee kwamba mgonjwa hajui anachosema, tusimchoshe.

Nilikuwa nimekaa chini, kama mke wa ukoo anavyopaswa kukaa. Nikasimama. Niliwaambia kwamba anajua anachosema, kwamba alikuwa anajua siku ile ya Jumapili walipokuwa wanaigawa mali yake mbele ya kitanda chake, na kwamba boti haitolewi na sensa hazitolewi. Anayetaka kunishtaki aende mahakamani Vwawa, nitamkuta huko. Nilisema shikamoo nyingi nimewapa na nitaendelea kuwapa, lakini boti siwapi. Mama mkwe wangu, aliyekuwa amekaa kando, akaagiza chakula kiletwe. Hivyo ndivyo kikao kilivyokwisha.

Mnunuzi yule hakurudi kwetu, na msimu ule ulikuwa mgumu. Viongozi wa wenye boti pale mwaloni nao walinitumia mtu Tunduma, aniombe nifunge ukurasa. Abiria walikuwa wameanza kuuliza kila boti, ya kwenu inaonekana wapi, na wenye boti walikuwa hawana la kujibu. Mjumbe alikuwa mtu mstaarabu. Alisema ninawaharibia wenzangu.

"Waambie nimekataa," nilimwambia, nikamwongezea chai.

Shemeji hakunisemesha muda mrefu. Tulikutana misibani akapita kama hanioni. Lakini fundi wa Tanga alikuwa amenionyesha sehemu ya ukurasa inayotaja ni nani amefungua na lini, na shemeji alikuwa anafungua kuliko watu wote, asubuhi, mchana, hata siku boti ikiwa imelala. Sikumwambia kwamba najua. Neno la siri sikulibadilisha.

Mume wangu alipata nguvu kidogo kidogo. Hakurudi ziwani, ila mahali pake pakawa mbele ya kompyuta dukani, na wateja walizoea kumkuta. Akiona kiboya kimepanda hata kidogo ananiita, "Maji," na mimi nampigia nahodha, na nahodha anafunua sakafu huku ananung'unika kwamba mzee amerudi na tabia zake.

Boti tuliiendesha misimu mingine kadhaa, kisha tukaiuza, mbao zikiwa zimechoka na sisi pia. Aliyeinunua alitaka nitoe vyombo vyote kwanza, anasema hataki kuchungwa. Nilimwambia boti inauzwa na vitu vyake au haiuzwi. Tulibishana mchana mzima pale mwaloni. Nilikuwa na sharti la pili, kwamba nahodha akiendelea kufanya kazi, namba ya mkewe ibaki kwenye kifaa. Mnunuzi alinitazama, akamtazama nahodha, ambaye alikuwa anajifanya anakagua kamba. Akakubali, akilalamika. Nilikaa pale mchangani mpaka fundi wa Tanga alipoingiza namba ile upya na kuijaribu, na mke wa nahodha akapiga simu kutoka Mlowo kusema ujumbe umefika.